Tamthilia ya shambulio la hoteli: macho yenu yalimfuata nani?

Kangemi_Juu

Watu wangu, naomba tukae na jambo hili kidogo. Jumamosi tulimaliza kuangalia Crossfire, ile tamthilia ya BBC ya mwaka 2022, sehemu tatu tu. Kijana wa duka la filamu hapa mtaani alinijazia kwenye flashi akaniambia, "Dada, hii hulali." Kweli sikulala, lakini si kwa sababu aliyodhani yeye.

Kwa ambao hamjaiona: familia za Waingereza zimeenda likizo hotelini kwenye visiwa vya Kanari. Jua, bwawa, watoto majini. Mama mmoja, Jo, anayeigizwa na Keeley Hawes, aliwahi kuwa polisi. Yuko juu peke yake anaandikiana jumbe na mwanamume ambaye si mumewe, na mumewe yuko chini na watoto. Hapo risasi zinaanza kulia, na baadaye mama huyu anajikuta ameshika bunduki.

Sebuleni kwetu tulikuwa watano. Majirani wawili walimshika Jo hawakumwachilia hadi mwisho: mama gani anaandika mapenzi watoto wako majini? Mdogo wangu alichukizwa na jinsi hadithi inavyorudi nyuma kila mambo yanapochacha. Mama yangu alikuwa anachambua sukuma wiki kwenye ungo, hakusema neno. Sehemu ya pili ikiwa katikati, akauliza bila kuinua macho, "Na hao wa jikoni wanatokea mlango gani?"

Hakuna aliyemjibu. Mimi nilitoka nje.

Nitaandika kitu ambacho sijawahi kukiandika mahali popote. Nilifanya kazi jikoni miaka mitano katika hoteli moja upande wa Westlands, hapa Nairobi. Jina silitaji. Tarehe 15 Januari 2019 nilikuwa shifti ya mchana. Alasiri tulisikia mshindo, sahani kwenye rafu zikagongana. Mpishi mmoja akasema ni transfoma imelipuka. Kisha tukasikia ile milio mingine, na transfoma hailii hivyo. Riverside, kwenye lile jengo la hoteli na ofisi lililovamiwa na magaidi siku hiyo, haiko mbali na tulipokuwa, lakini ukiwa ndani ya jikoni lisilo na dirisha huwezi kujua sauti inatoka wapi. Kuna aliyekuja mbio kutoka ukumbini akasema washambuliaji wako kwetu.

Wageni walipelekwa juu. Sisi tulikimbilia mlango wa nyuma, ule wa kupokelea mboga. Ulikuwa na kufuli. Lilitiwa Novemba kwa sababu nyama ilikuwa inapotea, na funguo zilikaa na mtu wa stoo, na mtu wa stoo alikuwa ametumwa mjini. Tulikuwa watu 14 mbele ya ule mlango. Kufuli hilo ningelitambua hata leo: la shaba, limefungwa kimfuko cha nailoni ili mvuke wa kuoshea vyombo usilishikishe kutu. Mtu fulani alikuwa amekaa chini akafikiria kulinda kufuli lisipate kutu. Mwenzetu wa keki alilipiga kwa nyundo ya nyama mpaka mpini ukakatika. Halikufunguka.

Tulikaa sakafuni kati ya majokofu, simu zote kimya, kila mtu amelaza kioo cha simu yake kwenye paja ili mwanga usionekane. Sisi hatukuguswa. Waliouawa walikuwa 21, kule 14 Riverside. Lakini kwa muda ule mimi nilikuwa nimeshakufa, na nilikuwa nimekufa kwa sababu ya nyama. Jioni nilitembea kando ya Waiyaki Way hadi Kangemi na aproni begani, sikukumbuka kuivua.

Basi swali langu ni hili. Mlipoangalia hii tamthilia, au nyingine yoyote ya aina hii, macho yenu yalimfuata nani?

Umoja_Stage

Pole sana dada. Ila nami niseme ukweli wangu. Mimi nilimfuata Jo, na sioni aibu. Ni burudani. Nimetoka kazini saa mbili usiku, nimekaa kwenye foleni Jogoo Road saa nzima, nataka kuona mtu mmoja anayejua la kufanya. Pale anaposhika bunduki nilisimama kwenye kochi. Tukitaka kila filamu ya hoteli iwe matanga, nani ataangalia?

mwalimu_wa_fasihi

Nawapa pole wote waliopitia haya. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne, na naomba niitetee hii kazi kidogo kabla haijachinjwa.

Kwanza, mbinu rejeshi, yaani hadithi kurudi nyuma. Wengi wanaiona kama kizuizi: taharuki imepanda, mwandishi anaishusha. Mimi naona ni uamuzi, na una maana. Shambulio halimkuti mtu akiwa amejiandaa. Linamkuta ana deni la rafiki, amenuniana na mume, ana ujumbe kwenye simu ambao hataki usomwe. Bomu halingoji mtu atubu. Mwandishi angetuonyesha risasi tupu kwa saa tatu, Jo angekuwa mwanasesere mwenye bunduki. Ule ujumbe wa simu ndio unaofanya tumjue, hata kama hatumpendi.

Pili, sadfa moja inayoniuma. Ilionyeshwa Uingereza usiku tatu mfululizo, tarehe 20, 21 na 22 Septemba 2022. Ile sehemu ya pili, ambayo mama yako aliulizia mlango, ilitoka tarehe 21 Septemba. Sisi tunaijua siku hiyo. Ilikuwa miaka 9 kamili tangu magaidi wavamie jengo la maduka la Westgate hapa Nairobi. Siamini kuna mtu kule aliyelipanga hivyo, nadhani hakuna hata aliyeliona. Mtu wa Nairobi analiona bila kuambiwa.

Swali la mama yako, hata hivyo, ni swali la mhakiki mkubwa. Sisi huwauliza wanafunzi mhusika fulani ana umuhimu gani. Hatuwaulizi nani yuko ndani ya jengo na hajapewa umuhusika kabisa. Jumatatu nitaliuliza darasani.

DadaWaRuaka

Sikuweza kupita sehemu ya kwanza. Niseme kwa nini, kwa kuwa mtu ataniuliza.

Binamu yangu alikuwa ofisini, ghorofa ya juu, kule Riverside siku hiyo. Mimi nilikuwa nje, na "nje" ilikuwa jikoni kwangu na simu mkononi. Alinitumia maneno mawili: "Usipige. Andika." Tangu hapo kila simu iliyoingia kwangu kutoka kwa shangazi, kwa jirani, kwa watu wa kanisa, nilikuwa nawaomba kwa magoti, msimpigie. Simu ikilia pale alipo, anauawa na anayempenda. Mjomba hakuelewa, ni mzee, kwake kumjulia mtu hali ni kumpigia. Nilimnyang'anya simu nikaitia kwenye kopo la unga.

Kila baada ya nusu saa hivi alikuwa ananitumia nukta. Nukta tu, hana la kusema, anaonyesha yupo. Saa nne usiku akaandika chaji asilimia 6. Kisha nukta zikakoma. Alitolewa alfajiri, amevua viatu, mikono juu kama wenzake. Zaidi ya watu 700 walitolewa mle ndani, yeye ni mmoja wao.

Sasa kwenye runinga simu ilipowaka na mwanamke akatabasamu kwa ujumbe wa mapenzi, mkono wangu ulienda wenyewe kuzima. Siilaumu tamthilia. Mwalimu amesema vizuri kuhusu ule ujumbe na nimemwelewa. Mwili wangu ndio haukuelewa.

Na kitu kingine. Mnakumbuka Januari ile gazeti moja kubwa la New York lilivyoweka picha ya waliouawa wakiwa wameinamia meza za mkahawa? Wakenya tulipiga kelele, tukaambiwa ni habari. Hao walikuwa watu wa mtu. Tangu siku hiyo, mtu wa mbali akinionyesha kifo cha hotelini, naangalia kwanza ni maiti ya nani imefunikwa na ya nani imeachwa wazi.

GetiKuu

Mimi ni soja. Nakaa geti la jengo moja la biashara, sitasema lipi.

Nimesoma yote. Naomba niseme kutoka nilipo.

Kazi yangu ni kusimama mahali ambapo akija, ananikuta wa kwanza. Nina kioo chenye magurudumu cha kuangalia chini ya gari na kile kidude cha kupapasia watu ambacho hulia hata kwa funguo za nyumba. Nina rungu. Bunduki sina, soja wa kampuni hapa Kenya habebi. Watu wakipita asubuhi wamechelewa kazini huniinulia mfuko hewani bila kunitazama, wengine hunisonya. Gari kubwa likija dereva hataki kufungua buti. Wakati mwingine suparvaiza anasema mwachie, ni mtu wa ghorofa ya sita.

Sheria yetu ya ulinzi wa kibinafsi ni ya 2016. Mwanzoni mwa 2024 tulisikia kwamba soja wa Nairobi asilipwe chini ya shilingi 30,000. Mimi bado sijaziona.

Umoja_Stage, ndugu yangu, sikukasirikii. Hata mimi napenda kuona mtu anajua la kufanya. Ila katika hizi filamu wa getini huanguka dakika ya kwanza, hana jina, na hadithi inaanza baada yake. Mwanangu wa miaka tisa huangalia nami. Siku moja aliniuliza, "Baba, wewe ni yule?"

Umoja_Stage

Mzee, hilo limenifika.

MtotoWaMtwapa

Assalaam alaykum wote. Naishi South B sasa, lakini nimezaliwa na kukulia Mtwapa, na mambo ya hoteli nimeyanyonya kwa mama. Alikuwa mtandika vitanda.

Mnasema Riverside na Westgate, na ni haki yenu, ni mji wenu. Kwetu ni Kikambala. Tarehe 28 Novemba 2002, gari lenye mabomu liliingia Paradise Hotel wakati wageni kutoka Israeli wanafika. Asubuhi hiyo hiyo makombora yalirushwa kwa ndege yao iliyokuwa ikiruka kutoka uwanja wa Moi, Mombasa, yakakosa. Pale hotelini walikufa Wakenya 10 na Waisraeli 3. Na hao wetu, wengine walikuwa wachezaji ngoma. Walikuwa wamepangwa mlangoni kuwapokea wageni kwa kucheza. Fikiria vazi la ngoma, njuga miguuni, na kazi yako ni kutabasamu.

Hapo ndipo nakubaliana na mama yake dada wa Kangemi. Hoteli ya likizo ni nyumba ya watu wawili. Mgeni anakaa wiki. Mfanyakazi anakaa maisha yake, na anayajua mapito yote: ngazi ya nyuma, chumba cha mashuka, bomba linalovuja. Akiandika hadithi mgeni, ataandika bwawa.

Halafu shambulio haliishi siku polisi wanapoondoka. Mwaka 2014, Mei, Uingereza iliwaonya watu wake wasije Mombasa, na mamia waliokuwa hotelini wakarudishwa kwao kwa ndege kabla likizo hazijakwisha. Hapakuwa na risasi hata moja katika hoteli ya mama. Aliitwa na wenzake kwenye ukumbi wa kulia, meza zimefunikwa mashuka, wakaambiwa nendeni nyumbani, tutawaita. Alirudi na sabuni ndogondogo za wageni, alipewa kama zawadi. Tulizioga mwaka mzima. Hakuitwa.

Kumbukeni pia kwamba mambo ya hoteli yalitutia vitani. Septemba 2011 Mwingereza aliuawa kwenye hoteli ya ufuoni kule Kiwayu, Lamu, na mkewe akatekwa. Mwezi uliofuata mama Mfaransa akatekwa kisiwani Manda, akafia mikononi mwa waliomteka. Kabla Oktoba haijaisha jeshi letu lilikuwa ndani ya Somalia, na utekaji huo ulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa. Yaliyofuata hapo Nairobi mnayajua kuliko mimi.

Kangemi_Juu

Kaka wa Mtwapa, nimesoma hapo kwenye sabuni mara tatu.

Nataka nirudi kwa Umoja_Stage, kwa sababu hakusema vibaya na sitaki aonekane amekosa. Umesema unataka kuona mtu anayejua la kufanya. Mimi pia. Lakini tuangalie mahali ambapo jambo hili lilitokea kweli kwa Waingereza wenyewe, wakiwa likizoni. Sousse, Tunisia, tarehe 26 Juni 2015. Mtu mmoja na bunduki ufuoni. Watu 38 waliuawa, 30 kati yao Waingereza. Uchunguzi uliofanywa kwao mwaka 2017 uliwalaumu vikali polisi wa Tunisia kwa kuchelewa. Na wakati polisi wanachelewa, wafanyakazi wa hoteli na wa ufuoni, Watunisia, walijipanga mstari mbele ya wageni wakamkabili mwenye bunduki kwa vifua vyao. Hao ndio waliojua la kufanya, kaka, na hawakuwa na bunduki.

Sasa mtu akitunga hadithi ya shambulio la hoteli, na mambo haya yapo, kwa nini ujasiri wote auweke kwa mgeni? Sisemi Jo asiwepo. Mwalimu amenifanya nimwonee Jo huruma ambayo sikuwa nayo Jumamosi. Nasema pale pembeni yake kuna mtu mwenye treya mkononi, na yeye pia ana ujumbe kwenye simu ambao hataki usomwe, na watoto wake hawako bwawani, wako nyumbani wanamngoja na unga. Nipeni huyo kwa dakika kumi tu. Mbinu rejeshi yake pia ipo.

mwalimu_wa_fasihi

Hapo nasalimu amri. Nimekuwa naitetea mbinu, nawe unauliza imegawiwa nani. Ni maswali mawili tofauti, na la kwako ndilo zito.

Mkaguzi_Mstaafu

Huwa nasoma tu, sichangii. Leo nachangia kwa sababu ya lile kufuli.

Nimefanya kazi ya ukaguzi wa majengo miaka mingi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 iko wazi: wakati watu wako ndani, mlango wa kutokea usifungwe kwa namna ambayo aliye ndani hawezi kuufungua mara moja. Kwa hiyo wizi wa nyama si sababu, na mvua si sababu. Nimekuta makufuli kama hilo katika hoteli, kiwandani, hata bweni la shule. Kila mara jibu ni lile lile: funguo ziko na fulani. Na fulani hayupo.

Dawa yake haina gharama ya kutisha. Kuna mlango wenye chuma cha kusukuma kwa ndani. Ukiegemea tu, unafunguka, na kengele inalia. Anayeiba nyama atajulikana kwa kengele, anayekimbia moto atatoka. Mambo yote mawili yanatatuliwa na mlango mmoja.

Wanangu mnaofanya kazi mahotelini, kesho mkiingia shifti, nendeni mkausukume. Msiulize mtu. Sukumeni mwone.

GetiKuu

Nimeusukuma wa kwetu usiku huu. Unafunguka. Ila taa ya kijani ya juu yake haiwaki, nimeandika kwenye kitabu cha zamu.

DadaWaRuaka

Binamu yangu nimemtumia uzi huu. Amejibu kwa nukta. Nimelia na nimecheka pamoja. Siku hizi ndiyo salamu yetu, kila tarehe 15 Januari, jioni.

Umoja_Stage

Dada wa Kangemi, nimeanza upya sehemu ya kwanza. Bado naipenda, sitadanganya. Ila sasa kila mhudumu akipita na treya nasimamisha picha nimwangalie uso.

Kangemi_Juu

Asante kaka. Hicho ndicho nilichokuwa naomba.

Nimalizie kwa hili. Baada ya kusoma alichoandika mzee mkaguzi, nilimwandikia mwenzangu mmoja ambaye bado yuko jikoni kule nilikotoka. Nilimwomba aende mlango wa mboga anipigie picha. Alichukua muda, nikadhani ameogopa. Picha imeingia sasa hivi. Kufuli halipo, kumebaki alama mbili za kutu kwenye bao. Lakini mbele ya mlango kumepangwa kreti za soda, tupu, zimefika kiunoni.

Nimempigia. Anasema zimekaa hapo tangu Krismasi, gari la kuzichukua halijaja. Nikamwuliza, ziko ngapi? Akahesabu nikimsikia, kreti 11. Ameweka simu chini kwenye kaunta bila kuikata, na ninavyoandika nasikia chupa zikigongana, anazisogeza.